Amana ya Watu

Katika lugha yetu neno "amana" lina maana mbili zinazokaa pamoja. Amana ni kitu ambacho mtu amemkabidhi mwenzake akitunze. Na amana ni ule uaminifu wenyewe unaomwezesha mtu kukikabidhi kitu chake, kisha akaenda zake akalala. Benki zetu zililichukua neno hilo zikaliweka katika fomu na vitabu vyao, na kwa miaka mingi niliyofanya kazi ya ukeshia nililiandika mara nyingi kwa siku. Ndilo lililonivuta nisome habari za Marekani ya miaka ya 1930, kwa sababu huko nchi nzima ilipata kukosa amana kwa maana zote mbili kwa wakati mmoja: fedha hazikuonekana benki, na uaminifu haukuonekana mioyoni.

Aghalabu yanapozungumzwa mambo ya uchumi ulioanguka, watu hugawanyika makundi mawili. Wako wanaosema serikali ikae kando, soko lijitibu lenyewe. Wako wanaosema serikali ifungue hazina na kumwaga fedha, mambo yatatengemaa. Makundi yote mawili huitaja Marekani ya wakati ule kuwa shahidi wao. Mimi, baada ya kuyasoma mambo hayo kwa miaka kadhaa, nimefikia mawazo tofauti kidogo. Naona kwamba kazi ya kwanza ya serikali katika balaa la namna ile ni kulifanya neno lake liaminike. Fedha hufuata neno. Na mtu ambaye neno hilo halikumtaja, basi hata uchumi ukifufuka, yeye hupata makombo.

Tuanze na ukubwa wa balaa. Mnamo Oktoba 1929 soko la hisa la New York lilianguka. Kipimo cha bei za hisa kiitwacho Dow Jones, kilichokuwa kimefika 381 mwezi Septemba mwaka ule, kilishuka hadi 41 mwezi Julai 1932. Lakini hisa zilikuwa mali ya watu wachache. Kilichowafikia walio wengi ni ukosefu wa kazi. Mwaka 1929 watu wapatao 3 katika kila 100 walikuwa hawana kazi. Mwaka 1933 walikuwa 25 katika kila 100, yaani karibu watu milioni 13. Mazao ya viwanda, mashamba na huduma zote kwa jumla yalipungua kwa zaidi ya robo.

Bei nazo zilishuka kwa kadiri ya robo. Msomaji anaweza kudhani kwamba bei kushuka ni neema. Kwa mwenye mshahara usiokatwa ni neema kweli. Lakini deni halishuki pamoja na bei. Mkulima aliyekopa dola 1,000 wakati pamba ina bei nzuri alibaki na deni la dola 1,000 zile zile, na sasa ilimbidi auze pamba mara mbili au zaidi ili alipe. Asipoweza, benki ilichukua shamba. Na benki ikishachukua mashamba mengi yasiyo na mnunuzi, nayo inakuwa maskini mwenye ardhi.

Hapo ndipo mdororo ulipogeuka kuwa maangamizi. Kati ya mwaka 1930 na 1933 benki zipatazo 9,000 zilifunga milango Marekani. Ni lazima nieleze jambo hili, maana hata wateja wa benki wengi hawalijui: hakuna benki duniani inayoweka fedha zote za wateja wake kabatini. Ikifanya hivyo itakuwa sanduku, haitakuwa benki. Sehemu kubwa imekopeshwa kwa mwenye duka, mwenye lori, mwenye shamba. Kwa hiyo benki iliyo nzima kabisa, yenye wadeni waaminifu, inaweza kuuawa kwa siku mbili iwapo wateja wake wote watakuja pamoja. Na mteja anayekimbilia benki si mpumbavu. Akijua kwamba wenzake wanakimbia, busara yake mwenyewe inamwambia akimbie mbele yao. Balaa ni kwamba busara ya kila mmoja, ikijumlishwa, inakuwa maangamizi ya wote.

Desemba 11, 1930 ilifungwa benki moja ya New York iliyokuwa na wateja zaidi ya 400,000, wengi wao wahamiaji na watu wa kipato kidogo. Jina lake lilikuwa Bank of United States. Ilikuwa benki ya watu binafsi, lakini wengi walilisikia jina hilo wakadhani nyuma yake iko serikali. Walikuwa wameweka amana yao kwa jina. Iliposhindwa, benki nyingine za New York zilikataa kuchangia kuiokoa, na Benki Kuu ya nchi iliacha ianguke.

Foleni ya namna hiyo niliwahi kuiona kwa macho yangu, ingawa kwa kiasi kidogo. Katikati ya miaka ya 1990, katika mji niliokuwa nikifanya kazi, benki moja ndogo ya binafsi ilibandika karatasi mlangoni asubuhi moja na haikufungua. Haikuwa benki yetu, wala sisi hatukuwa na tatizo lolote. Lakini kufika saa sita mchana foleni ya kaunta yetu ilikuwa imetoka nje hadi barabarani. Mama mmoja muuza vitenge, ambaye kwa miaka mingi alikuja kila Jumatatu kuweka fedha zake, alitaka zote. Nilimwambia, "Mama, sisi hatuna tatizo. Fedha zako zipo." Akanitazama kwa upole, akasema, "Mwanangu, sisemi wewe ni mwongo. Nasema mimi sijui." Nikamhesabia, akazifunga katika pindo la kanga, akaondoka. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba ile "sijui" ndiyo ugonjwa wenyewe. Kauli yangu haikuweza kuuponya, kwa kuwa mimi nilikuwa keshia tu.

Turudi Marekani. Si kweli, kama wengi wanavyosema, kwamba Rais Herbert Hoover alikaa tu akiangalia. Mwanzoni mwa mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kukopesha benki, makampuni ya bima na reli zilizokuwa hatarini. Lilikuwa wazo zuri. Lakini kuanzia Agosti mwaka huo, kwa sababu ya matakwa ya Bunge, majina ya benki zilizokopeshwa yakawa yanatangazwa. Mteja akisoma gazetini kwamba benki yake imeomba msaada, alifanya nini? Alichukua kofia akakimbia kutoa fedha zake. Hivyo dawa yenyewe ilimtangaza mgonjwa, na benki nyingine zikaona heri kufa kimya kuliko kuomba.

Hatua nyingine za serikali ile ziliongeza moto kuni. Juni 1930 ushuru wa bidhaa za nje ulipandishwa sana, na nchi nyingine zikajibu kwa kupandisha wa kwao. Oktoba 1931 Benki Kuu ilipandisha riba, katikati ya mdororo, ili dhahabu isitoke nchini. Mwaka 1932 kodi zilipandishwa ili bajeti isawazike. Na kuhusu mtu mmoja mmoja mwenye njaa, Hoover aliamini kwamba kumsaidia ni kazi ya majimbo na wafadhili, si ya serikali kuu. Watu walisikia neno moja tu katika hayo yote: subirini.

Rais mpya, Franklin Roosevelt, aliapishwa Machi 4, 1933. Asubuhi ile benki katika majimbo mengi zilikuwa zimefungwa au zinatoa fedha kidogo kidogo kwa amri za magavana. Machi 6 akatangaza likizo ya benki zote nchini. Neno "likizo" lilichaguliwa kwa hekima, maana mlango uliofungwa kwa likizo haumtishi mtu kama mlango uliofungwa kwa kufilisika. Machi 9 Bunge lilipitisha sheria ya dharura ya benki kwa siku moja, na katika baraza la chini hapakuwa na nakala za kutosha. Muswada ulisomwa kwa sauti, wakapiga kura. Jumapili jioni, Machi 12, Roosevelt alizungumza redioni. Hakutumia lugha ya wachumi. Aliwaeleza watu kwanza benki hufanya nini na fedha zao, kisha kwa nini zimefungwa, kisha zitafunguliwa lini na kwa utaratibu gani.

Kesho yake, Machi 13, benki za miji mikubwa zilianza kufunguliwa. Foleni zilikuwepo. Lakini sasa wengi walikuwa wamekuja kuweka. Kabla ya mwisho wa mwezi sehemu kubwa ya fedha zilizokuwa zimefichwa majumbani ilikuwa imerudi benki. Soko la hisa lilipofunguliwa Machi 15, bei zilipanda kwa asilimia 15 kwa siku moja.

Nimelifikiria sana jambo hili. Jumatatu ile hapakuwa na kiwanda kipya hata kimoja, wala hapakuwa na shamba lililozaa usiku wa Jumapili. Ni nini basi kilichobadilika? Wako wanaosema ni sauti nzuri ya Rais. Mimi sikubaliani nao. Ahadi tupu watu walikwisha kuzisikia miaka mitatu. Safari hii ahadi ilikuwa na miguu ya kusimamia. Sheria ilikuwa imeipa Benki Kuu uwezo wa kuzipa fedha benki zitakazofunguliwa, na serikali ilikuwa imesema wazi kwamba zitafunguliwa zile tu zilizoonekana nzima. Zile mbovu hazikufunguliwa kabisa. Kwa maneno mengine, serikali ilichukua ile "sijui" ya mteja ikaijibu yenyewe.

Jibu hilo lilikuja kuwa sheria ya kudumu Juni 1933, ilipoanzishwa bima ya amana. Kuanzia Januari 1934, benki ikifa, mteja alilipwa na mfuko wa bima hadi dola 2,500, na katikati ya mwaka kiwango kikawa dola 5,000. Jambo la kuchekesha ni kwamba Roosevelt mwenyewe hakuipenda bima hiyo. Aliogopa itazifanya benki zizembee. Walioisukuma walikuwa wabunge, hasa Henry Steagall wa Alabama, aliyekuwa akizitetea benki ndogo za mashambani. Mwaka 1933 zilikufa benki zipatazo 4,000. Mwaka 1934, katika zile zenye bima, zilikufa 9. Hakuna dola iliyotumika vizuri kuliko ile ambayo, kwa kuwapo kwake tu, haikuhitaji kutolewa.

Lakini hapa hoja yangu inapata mtihani, na si vizuri niukwepe. Serikali hiyo hiyo iliyorudisha imani ilivunja ahadi nyingine kubwa. Noti za dola zilikuwa zimeahidi kubadilishwa kwa dhahabu. Aprili 1933 watu waliamriwa kuipeleka dhahabu yao kwa serikali, wakalipwa dola 20.67 kwa wakia moja. Januari 1934 serikali ikatangaza kwamba wakia moja sasa ni dola 35. Mikataba mingi iliyoandikwa kwamba deni litalipwa kwa dhahabu ilifutwa kwa sheria, na mwaka 1935 Mahakama ya Juu iliikubali hatua hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4.

Kwa aliyekuwa na dhahabu hiyo ilikuwa dhuluma. Kwa nchi ilikuwa nafuu. Dola iliposhushwa thamani, dhahabu ilianza kumiminika kutoka Ulaya, fedha zikaongezeka katika mzunguko, bei zikaacha kushuka, na yule mkulima mwenye deni akaanza kupumua. Wachumi wengi wa leo, kama Christina Romer katika uchunguzi wake wa mwaka 1992, wanaona kwamba fedha hizo zilizoongezeka ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya kufufuka kwa uchumi. Kati ya mwaka 1933 na 1937 mapato ya taifa yalikua kwa zaidi ya asilimia 8 kila mwaka. Funzo ninaloliona ni hili: katika balaa kubwa serikali haiwezi kutimiza ahadi zote. Inachagua ahadi ya nani itatimizwa na ya nani itavunjwa. Roosevelt alimchagua mwenye akiba ndogo na mwenye deni, akamwacha mwenye dhahabu. Uchaguzi ni wa kisiasa daima, hata ukivaa nguo za uchumi.

Baada ya benki, ikaja kazi. Palikuwa na kikosi cha vijana cha kutunza misitu na ardhi, ambacho wasomaji wa Tanzania wangekifananisha kwa umbo na Jeshi la Kujenga Taifa, ingawa hakikufundisha silaha. Kati ya mwaka 1933 na 1942 kilipitiwa na vijana wapatao milioni 3. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kwa kawaida dola 25 kati ya hizo zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Nimeupenda sana utaratibu huo. Mzee aliyekuwa na aibu ya kupokea sadaka hakuwa na aibu ya kupokea jasho la mwanawe, na fedha hiyo haikulala. Ilikwenda dukani wiki ile ile. Baadaye, kuanzia mwaka 1935, lilikuja shirika kubwa zaidi la kazi za umma, ambalo katika miaka 8 liliajiri watu wapatao milioni 8.5 kujenga barabara, shule, madaraja na viwanja vya ndege. Katika bonde la mto Tennessee serikali ilijenga mabwawa ya umeme. Mwaka 1935 ni kama shamba moja tu katika kila 10 lililokuwa na umeme Marekani. Mikopo ya serikali kwa vyama vya ushirika vya umeme ndiyo iliyofikisha nyaya mahali ambapo makampuni yalisema hakuna faida.

Sasa nizungumzie upande wa giza, maana ndiko neno la serikali lilikobagua. Ili kupandisha bei za mazao, serikali iliwalipa wakulima wapunguze kulima. Mwaka 1933 ekari zipatazo milioni 10 za pamba zilizokwisha kuota zililimwa zikafukiwa, na nguruwe wapatao milioni 6, wengi wao vitoto, wakachinjwa kabla ya wakati, huku mijini watu wakipanga foleni za mkate. Bei ya pamba ilipanda kweli, kutoka senti 6 na nusu hivi kwa ratili mwaka 1932 hadi senti 10 hivi mwaka uliofuata. Lakini hundi ya serikali ilipelekwa kwa mwenye ardhi. Katika majimbo ya Kusini aliyeilima ardhi hiyo alikuwa mtu mwingine, mkulima asiye na shamba, mweusi au mzungu maskini, anayegawana mavuno na mwenye ardhi. Sheria ilisema naye apewe fungu lake. Mwenye ardhi mara nyingi hakumpa. Na kwa kuwa sasa ardhi ya kulima imepungua, hakumhitaji tena, alimfukuza. Julai 1934, huko Arkansas, wakulima wa namna hiyo, weusi na wazungu pamoja, waliunda chama chao cha kujitetea, jambo la hatari katika nchi ile na wakati ule.

Sheria ya Agosti 1935 iliyoanzisha pensheni za uzeeni na bima ya wasio na kazi iliwaacha nje vibarua wa mashambani na watumishi wa majumbani. Katika Kusini, hizo ndizo kazi walizoachiwa watu weusi walio wengi. Wanahistoria wanabishana kama kuachwa huko kulitokana na ubaguzi wa wabunge wa Kusini au na ugumu wa kukusanya michango ya watu wa namna hiyo. Kwa yule mama aliyefua nguo za watu huko Alabama hadi akazeeka, ubishi huo haukubadili kitu. Ahadi ilitolewa kwa taifa, naye hakuwamo.

Na sisi tulikuwa wapi? Mdororo ule ulitufikia mapema. Bei za mkonge, kahawa na pamba zilianguka, mishahara ya vibarua katika mashamba ya mkonge ikakatwa. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipunguza matumizi yake, lakini kodi iliendelea kudaiwa. Na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaanzisha kampeni ya kuwahimiza wakulima walime mazao zaidi. Hebu tulinganishe. Mkulima wa Mississippi mwenye ardhi alilipwa apunguze pamba ili bei ipande. Mkulima wa Mwanza alihimizwa aongeze pamba ili, kwa bei ile ile iliyoanguka, apate shilingi za kodi. Nchini Kenya ilianzishwa Benki ya Ardhi mwaka 1931, na mikopo yake ilikwenda kwa walowezi. Kwa hiyo si kweli kwamba serikali za kikoloni hazikujua namna ya kumwokoa mkulima. Zilijua, na zilichagua mkulima wa kumwokoa. Raia huahidiwa, mtawaliwa huamriwa.

Nirudi kwa Marekani kwa mara ya mwisho, maana ipo sura moja ambayo makundi yale mawili niliyoyataja mwanzoni hupenda kuirukia. Kufika mwaka 1937 wasio na kazi walikuwa wamepungua hadi 14 katika kila 100, nasi tukumbuke kwamba hesabu hiyo inawaweka wale wa kazi za umma katika fungu la wasio na kazi. Mgonjwa alikuwa amekaa kitako, anaomba chai. Serikali ikaona amepona. Matumizi yakakatwa ili bajeti isawazike. Makato ya pensheni yakaanza kutozwa mishahara Januari mwaka ule, kabla pensheni zenyewe hazijaanza kulipwa kila mwezi. Benki Kuu, kwa kuhofia bei kupanda, ikazitaka benki ziongeze maradufu akiba zinazotakiwa kushikilia. Hazina nayo ikaizuia dhahabu iliyokuwa ikiingia isiongeze fedha katika mzunguko. Ndani ya mwaka mmoja mazao ya viwanda yalianguka kwa karibu theluthi moja, na wasio na kazi wakarudi hadi 19 katika kila 100. Aprili 1938 Roosevelt alilazimika kurudi Bungeni kuomba fedha tena, na hali ikaanza kutengemaa kwa mara ya pili.

Wanaosema serikali ikae kando huitaja 1938 kuwa ushahidi kwamba dawa haikufanya kazi. Kwa maoni yangu inathibitisha kinyume chake: hali ilizidi kuwa mbaya mgonjwa alipoachishwa dawa. Lakini wanaosema serikali imwage fedha nao wasishangilie. Uchunguzi wa bajeti za miaka ile, ulioanzishwa na mchumi Cary Brown mwaka 1956, umeonyesha kwamba nakisi za serikali hazikuwa kubwa sana zikilinganishwa na shimo lililokuwepo. Kazi zile za umma zilisifiwa na kulaaniwa kupita kipimo chake. Matumizi makubwa kwelikweli yalikuja na vita, na ndipo ukosefu wa kazi ulipokwisha kabisa. Ni jambo la kuhuzunisha kwamba mabunge yaliyoona dola bilioni moja ni nyingi mno kwa barabara na shule hayakusita kutoa makumi ya mabilioni kwa mabomu.

Hata hivyo vita havikuanzisha bima ya amana, wala havikupeleka umeme Tennessee. Mambo hayo yalibaki baada ya wenyewe kufa. Kenya ilianzisha mfuko wa kulinda amana katika miaka ya 1980, na Tanzania ikafuata katika miaka ya 1990. Kiasi kinacholindwa kimekuwa kikibadilishwa mara kwa mara, na mfuko wa namna hiyo una maana kwa yule tu mwenye akaunti. Mwenye kuweka fedha zake katika kibubu, au katika mchezo wa upatu wa mtaani, bado anategemea neno la jirani yake.

Kwa sababu hiyo, kila ninaposikia mpango mpya wa kuufufua uchumi, mahali popote duniani, siulizi kwanza utagharimu mabilioni mangapi. Nauliza serikali imetoa ahadi gani, ina nini cha kuitimizia, na imeitoa kwa nani. Mwaka 1933 karani wa New York alipata majibu yote matatu. Mkulima asiye na ardhi wa Arkansas alipata mawili ya kwanza, kwa kusikia redio ya mwenye shamba. Tofauti ya watu hao wawili haikuwa katika ukubwa wa hazina. Ilikuwa katika orodha ya majina.